Ndege ya vitu vya nyumbani: anza na kipimo

Wewe unayeanza kuunda ndege za mfano, najua utakapokimbilia: kukusanya. Vifuniko, mirija, waya wa chaja iliyokufa, mfuko mzima chini ya kitanda. Nami nilianza hivyo, na kazi haikwenda mpaka nilipogeuza mambo. Kwanza kipimo, kisha ndiyo utafute kitu.

Mimi naunda kwa 1/48, yaani sentimita moja ya mfano ni sentimita 48 za ndege yenyewe. Cessna Caravan, hii inayotuvusha baina ya Kiembe Samaki, uwanja wa ndege wa Unguja, na Pemba, ina mita 15.87 kutoka ncha ya bawa hadi ncha; mezani kwangu ni sentimita 33. Hesabu hiyo ifanye kwa kila unachookota. Kijiti cha meno cha milimita 2 ni sawa na bomba la karibu sentimita 10 kwenye ndege ya kweli, basi usikifanye antena. Antena ni unyuzi mmoja wa shaba uliouchomoa ndani ya waya wa chaja. Kadi inayobaki ukishatoa laini ya simu ni plastiki nzuri mno ya kukatia flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoinama, lakini unene wake wa milimita 0.8 hivi ni karibu sentimita 4. Ukingo wa nyuma upige msasa mpaka uwe mwembamba kama kucha.

Kioo cha mbele ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Chonga umbo lake kwa mti laini, ulipige msasa mpaka kidole kisihisi mkwaruzo, maana plastiki itachukua kila kasoro. Kata kitako cha chupa ya maji, ingiza umbo ndani, kisha izungushe juu ya jiko la mkaa, shubiri moja kutoka kwenye makaa. Utaiona chupa inanywea, inabana mti kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Iache ipoe kabisa ndiyo ukate.

Usikibandike kwa supa glu. Mvuke wake hutia ukungu plastiki inayong'aa, nami nilipoteza hivyo kioo cha kazi ya siku tatu. Tumia gundi nyeupe ya maseremala. Na masika usipulize rangi: unyevu huifanya ipauke ikiwa bado mbichi.

Siku ukisafiri kwenda Chake Chake, kabla hujapanda itazame ndege vizuri. Bomba la moshi ni moja tu, chini ya pua upande wa kulia, na masizi yake hupaka ubavu huo. Bomba hilo nalikata kwenye kijiti cha pamba cha masikio, kile chenye uwazi ndani. Masizi ni unga wa mkaa. Naupaka kwa ncha ya kidole kuelekea mkiani, kidogo kidogo. Ubavu wa kushoto nauacha safi.