Nukta huja mwisho: kwa anayeanza pointilizimu

Wanafunzi wengi wa pointilizimu, yaani uchoraji wa nukta za rangi ambazo jicho huziunganisha kwa mbali, huanza na nukta, na kazi huharibikia hapo hapo. Karatasi nyeupe mezani, pamba ya masikioni inachovywa kwenye rangi nyekundu, udonoaji unaanzia pembeni. Baada ya saa tatu kilichopo karatasini kinafanana na upele. Mkono hauna kosa. Nukta ni tabaka la juu kabisa la mchoro, na mchoro wenyewe lazima uwe umeshasimama kabla ya tabaka hilo kuja.

Mwangalie mwanzilishi mwenyewe. Georges Seurat alianza mwaka 1884 mchoro uitwao "Jumapili Alasiri kwenye Kisiwa cha La Grande Jatte", kisiwa kilicho ndani ya mto Seine karibu na Paris. Mchoro huo una urefu wa sentimita 207 na upana wa 308, na leo uko kwenye jumba la makumbusho la Art Institute of Chicago, Marekani. Kabla ya turubai kubwa alikuwa na makumi ya michoro ya majaribio: mingine kwenye vibao vidogo vinavyoshikika mkononi, mingine ya chaki nyeusi ya kuchorea iitwayo Conté, ambamo hakutafuta kitu zaidi ya wapi pana giza na wapi pana mwanga. Kwenye turubai yenyewe akaanza kwa mipigo ya kawaida ya brashi. Mipigo ya maji ilikwenda mlalo na ya mashina ikafuata shina. Nukta nyingi zilikuja alipourudia mchoro kati ya 1885 na 1886, na ukingo wa nukta unaouzunguka aliuongeza baadaye zaidi.

Kuna sababu ya hesabu inayofanya utaratibu huo usikwepeke. Tuseme nukta zako zina upana wa milimita 3, na kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha nyingine ni milimita 4. Nukta hizo zinafunika asilimia 44 tu ya uso. Zisogeze mpaka zigusane, bado asilimia 21 itabaki wazi. Kama chini ni karatasi nyeupe, basi nyeupe ni rangi kubwa kuliko zote ulizoweka, na ndiyo sababu kazi za wanaoanza huonekana zimepauka hata wakinunua rangi ghali. Paka kwanza rangi ya msingi: nyasi ziwe kijani, mchanga uwe mchanga. Iache ikauke, kisha nukta zije kuitikisa.

Sasa rangi, na hapa tukae kidogo, maana ndipo panapozungumzwa uongo mwingi. Msingi wa nadharia ulitoka kiwandani. Michel Eugène Chevreul alikuwa mkemia wa idara ya upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho hazikolei. Chevreul alipochunguza akakuta dawa ya rangi haina tatizo: weusi ulipungua machoni kwa sababu ya rangi zilizofumwa jirani yake. Mwaka 1839 akachapisha sheria yake ya ulinganuzi wa rangi. Kwa kifupi, rangi mbili zikikaa jirani, kila moja huisukuma nyingine kuelekea rangi iliyo kinyume na yake yenyewe. Kijivu kikizungukwa na chungwa kitaonekana na ubuluu. Baadaye, mwaka 1879, mwanafizikia Mmarekani Ogden Rood akaeleza jinsi rangi zinavyochanganyika kwenye jicho, kwa mfano wa visahani vyenye vipande vya rangi vinavyozungushwa kwa kasi. Seurat alizifuatilia kazi za wote wawili.

Wengi husoma hayo wakatoka na wazo kwamba nukta za njano na buluu zikitazamwa kwa mbali zitatoa kijani. Hazitoi. Zitatoa kijivu. Rangi mbili zikikorogwa kwenye kibao cha kuchanganyia rangi, kila moja humeza sehemu ya mwanga wa mwenzake. Zikikaa jirani kama nukta, jicho huchukua wastani wa zote mbili. Wastani wa njano na buluu umepooza. Wala usidanganywe kwamba mchanganyiko wa jicho huwa mkali kuliko rangi zilizouunda. Huwa kati yao. Faida yake ni kwamba haugeuki tope kama mchanganyiko wa kibaoni unavyoweza kugeuka, na una mtetemo ambao rangi iliyotandazwa bapa haina.

Jaribu mwenyewe kabla ya mchoro wowote. Chora miraba mitano ya sentimita 5 kwa 5 na ujaze kila mmoja kwa nukta za rangi mbili, nusu kwa nusu: nyekundu na njano, njano na buluu, nyekundu na buluu, nyekundu na kijani, kijani na njano. Bandika ukutani, rudi nyuma. Wa kwanza utakupa chungwa zuri, wa tatu zambarau, wa tano kijani cha majani machanga. Wa pili utakuwa kijivu na wa nne utaelekea hudhurungi iliyofifia. Somo la miraba hii ni kwamba kijani lazima kiwepo kwenye kibao chako kama rangi kamili. Seurat alipokomaa katika mtindo huu alizipanga rangi zake kwa mfuatano wa upinde wa mvua, akaacha nyeusi na rangi za udongo, akachanganya zilizo jirani kwenye duara la rangi (rangi zilizopangwa kwa mviringo, kila moja ikikabiliana na mpinzani wake) na kuzipunguza kwa nyeupe. Zinazokabiliana, kama nyekundu na kijani, hakuzikoroga pamoja. Aliziweka jirani zichokozane.

Basi nyasi zinajengwaje? Msingi ni kijani. Palipo na jua, donoa njano na chungwa kidogo, kwa sababu ndiyo rangi ya mwanga unaoangukia hapo. Penye kivuli, buluu na zambarau, pamoja na vijinukta vichache vya nyekundu, kwa kuwa nyekundu ndiyo mpinzani wa kijani. Anza na kiasi hiki: katika kila nukta kumi za kivuli, sita za kijani kilichokoza, tatu za buluu au zambarau, moja nyekundu. Ukizidisha nyekundu kivuli kinageuka kutu. Mtu yeyote akikuambia kivuli ni nyeusi, mpeleke nje saa tisa alasiri.

Ukubwa wa nukta hutegemea mtazamaji atasimama wapi. Jicho zima hutenganisha vitu vya takriban milimita 0.3 kwa umbali wa mita 1. Nukta za milimita 2 hazitayeyuka kabisa mpaka mita 7 hivi, na sebule nyingi hazina mita 7. Lakini pana njia ya mkato: rangi mbili zenye mwanga sawa huungana mapema sana kuliko rangi moja nyepesi na moja nzito. Njano kali juu ya zambarau nzito itabaki madoadoa hata ukitazama kutoka upande wa pili wa sebule. Kabla ya kudonoa eneo zima, weka nukta chache, zipige picha kwa simu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Nukta zikipotea ndani ya msingi, mwanga wao ni sawa. Zikijitokeza kama pilipili manga, ongeza nyeupe au badilisha rangi.

Kwa kazi ya kwanza usizidishe sentimita 20 kwa 20. Kwa nafasi ya milimita 4 hizo ni nukta 2,500, kama dakika 42 kwa tabaka moja ukiweka nukta moja kila sekunde. Karatasi ya A3 kwa nafasi ya milimita 2 ni zaidi ya nukta 31,000, yaani zaidi ya saa nane na nusu bila kunyoosha mgongo. Camille Pissarro, mzee kuliko wenzake wote katika kundi la wachoraji wa nukta, alijiunga na mtindo huu katikati ya miaka ya 1880 na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa ameuacha, akilalamikia ucheleweshaji wake. Alikuwa fundi aliyekomaa. Wewe usijibebeshe mita tatu za turubai mwezi wa kwanza.

Chukua hadibodi au kadibodi nene, ipake nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili, piga msasa laini kati ya mpako wa kwanza na wa pili. Akriliki inafaa kuliko rangi ya mafuta kwa anayeanza, kwani hukauka kwa dakika na si kwa siku. Brashi ya duara namba 2 hutosha. Kichwa cha msumari, kijiti cha meno au kifutio cha nyuma ya penseli vyote hufanya kazi, ila hutoa nukta za ukubwa mmoja, na uso wenye nukta sawasawa kila mahali huwa mkavu kama kitambaa cha kiwandani. Rangi iwe nzito kama mtindi. Ikiwa nyepesi itatambaa na kuungana na jirani. Ikiwa nzito mno kila nukta itaota mkia utakapoinua brashi. Maliza rangi moja sehemu zote za mchoro, iache ikauke, ndipo uchukue nyingine. Kudonoa rangi mbili mbichi sehemu moja ni kukoroga tope kwa njia ndefu. Usizipange nukta kwa mistari pia, jicho litaona mistari kabla ya kuona mti.

Uimara wa rangi nao usiupuuze. Seurat alitumia njano ya zinki kwenye La Grande Jatte, na ndani ya miaka michache tu nukta zile zilikuwa zimebadilika na kuwa hudhurungi. Nyasi zenye jua unazoziona Chicago leo si zile alizoziacha. Soma kwenye mrija kama rangi inavumilia mwanga, na kaa mbali na zile zinazong'aa kama fulana za waendesha bodaboda.

Kwa walio Tanzania: nukta za michoro ya Tingatinga ni jambo jingine. Zile ni pambo la ngozi ya chui au manyoya ya kanga, zinatakiwa zionekane nukta. Ukizijua mkono wako tayari ni mwepesi, lakini itabidi uufundishe jicho upya. Paul Signac, aliyeuendeleza mtindo baada ya Seurat kufariki mwaka 1891 akiwa na miaka 31, alisisitiza kwamba kinachofanyika ni kuigawa rangi, si kudonoa. Yeye mwenyewe baadaye alitumia vipande vipana kama vigae.

Ukitaka kuionyesha kazi mtandaoni, weka picha mbili. Ya kwanza ni ya mchoro mzima: ikipunguzwa kutoshea kioo cha simu nukta huyeyuka zote, na mtazamaji ataona mchoro wa kawaida wenye rangi zilizopoa. Picha ya pili ipige kwa sentimita 15, mwanga ukitokea ubavuni.