Leseni ya LVN hapa Texas: jibu langu kwa mlioniuliza

Wadogo zangu mnaosomea uuguzi, nanyi wazazi mnaoniuliza kwa niaba ya watoto wenu, swali lenu limenifikia kupitia watu wengi lakini ni lile lile: je, ni kweli kwamba Marekani mtu husoma mwaka mmoja tu, akafanya mtihani mmoja, akapata leseni ya uuguzi na kuachana na kubeba boksi? Ni kweli. Ila ukweli huo unamhusu mtu ambaye tayari yuko huku na ana karatasi halali za kuishi na kufanya kazi. Leseni hii haimtoi mtu Mwanza ikamleta Houston, na anayewaambia vinginevyo ana kitu anachotaka kuwauzia.

Ninaizungumzia leseni ya muuguzi wa ngazi ya kati, ambayo majimbo mengi huiita LPN na hapa Texas, kama ilivyo California, huitwa LVN. Chini yake yupo msaidizi wa muuguzi, CNA, ambaye sheria ya serikali kuu inamtaka apate mafunzo yasiyopungua saa 75. Juu yake yupo muuguzi aliyesajiliwa, RN, na LVN hufanya kazi chini ya usimamizi wa huyo au wa daktari. Tofauti kati ya LVN na RN ndiyo inayoamua suala la viza. Wizara ya Kazi ya Marekani imewaweka RN katika orodha maalumu ya kazi zenye upungufu wa watu, kwa hiyo mwajiri anayetaka kumleta RN kwa ukaazi wa kudumu halazimiki kuthibitisha kwanza kwamba amemtafuta Mmarekani wa kazi hiyo akamkosa. LVN hamo katika orodha hiyo. Mwajiri anayemtaka kutoka nje atapitia mlolongo mzima wa uthibitisho, na wengi hawaoni sababu ya kujisumbua ilhali vyuo vya jirani vinawahitimisha kila mwaka. Wenzetu wote ninaowafahamu wenye leseni hii walifika kwanza kwa bahati nasibu ya viza, kwa ndoa au kwa kuitwa na ndugu, ndipo wakaingia darasani.

Kwa hiyo wewe mwenye stashahada ya uuguzi, uliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, usiihangaikie LVN kwa sababu tu umeambiwa ni nyepesi. Ikiwa ulisoma na kufanya mazoezi wodini katika uuguzi wa watu wazima, watoto, uzazi na afya ya akili, masomo yako yanaweza kupelekwa kwenye tathmini ya RN, na huo ndio mlango uliofunguliwa kwa wageni. Nimewaona wauguzi wa miaka mingi, walioongoza wodi nyumbani, wakirudi darasani huku kuanza kujifunza kupima mapigo ya moyo, kwa kuwa tu hakuna aliyewaeleza kwamba vyeti vyao vingeweza kutathminiwa. Ni hasara ya pesa, na pia ni hasara ya heshima ambayo mtu huibeba kimyakimya.

Aliyekwisha kufika naye asidanganyike na ule mwaka mmoja. Texas inataka programu ya LVN iwe na saa zisizopungua 1,398, yaani 558 za darasani na 840 za mazoezi kwa wagonjwa, na vyuo vingi huzibana saa hizo ndani ya miezi 12 hivi. Mahudhurio hayana mjadala. Anayekosa siku za mazoezi huambiwa arudie. Hapa niseme na ninyi mliobaki nyumbani, maana jambo hili ndilo linalovunja masomo ya watu kuliko ugumu wa masomo yenyewe. Mwanafunzi wa kozi hii hawezi kufanya kazi wiki nzima. Hufanya zamu za mwisho wa wiki, mara nyingi kama CNA, analipa pango na ada, na kinachobaki hakitoshi kutuma. Simu ya kuomba mchango wa harusi au ada ya mpwa itakapokosa jibu la kuridhisha mwaka huo, msimwone amebadilika. Ninamfahamu zaidi ya mmoja aliyeacha chuo katikati kwa sababu hakuweza kusema hapana kwa watu wake, na leo bado anabeba zamu mbili za CNA.

Chuo nacho kichaguliwe kwa macho makavu. Bodi ya Uuguzi ya Texas huchapisha orodha ya programu ilizoziidhinisha pamoja na kiwango cha kufaulu cha kila moja, na inataka angalau asilimia 80 ya wahitimu wanaofanya mtihani kwa mara ya kwanza wafaulu. Ukiona chuo hakimo katika orodha, ondoka. Januari 2023 serikali kuu ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kuhusu mtandao wa kuuza vyeti na matokeo ya masomo ya uuguzi kutoka vyuo vya Florida, zaidi ya vyeti 7,600, na waliovinunua wakaanza kusakwa na bodi za majimbo. Baadhi yao walikuwa wamefaulu mtihani wa leseni kihalali kabisa, lakini hilo halikusafisha cheti cha kununua.

Ukihitimu unaomba kwa bodi, unachukuliwa alama za vidole ili rekodi yako ya jinai ikaguliwe, unafanya mtihani mdogo wa sheria za uuguzi za Texas, unalipa dola 200 kwa ajili ya NCLEX-PN, yaani mtihani wenyewe wa leseni, na kusubiri kibali cha kuingia chumba cha mtihani. Mtihani hufanyika kwenye kompyuta kwa muda usiozidi saa 5, una maswali kati ya 85 na 150, na kompyuta huchagua swali linalofuata kwa kutazama ulivyojibu yaliyotangulia. Huwezi kuruka swali wala kurudi nyuma. Kompyuta ikizima kwenye swali la 85, maana yake ni kwamba imekwisha kuwa na uhakika wa asilimia 95 kuhusu uwezo wako, iwe umefaulu au umeshindwa, kwa hiyo wanaotoka wakishangilia au wakilia kwa sababu ya idadi ya maswali wanajisumbua bure. Aliyeshindwa husubiri siku 45 kabla ya kurudia.

Ugumu wa mtihani huu kwa mtu aliyezoea zahanati za kwetu una namna yake. Chukua swali la aina hii: kuna wagonjwa wanne, mmoja ameingia sasa hivi akilalamika maumivu ya kifua, wa pili anarudi nyumbani na hajawahi kufundishwa kujichoma insulini, wa tatu anaanza kuongezewa damu, na wa nne ana kidonda cha upasuaji wa siku tatu kinachohitaji kubadilishwa bandeji, LVN apangiwe yupi? Nyumbani muuguzi mmoja angewashika wote wanne na bado angeitwa chumba cha kujifungulia. Hapa jibu ni mwenye kidonda, kwa sababu tathmini ya kwanza, mafundisho ya kwanza na mgonjwa ambaye hali yake inaweza kubadilika wakati wowote ni kazi ya RN. Ukijibu kwa ushujaa wa nyumbani unaanguka. Majina ya dawa nayo yajifunzwe upya mapema: paracetamol hapa ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine.

Kazi yenyewe, kwa walio wengi, iko kwenye nyumba za kutunzia wazee. Asubuhi unasukuma toroli ya dawa kwa wazee zaidi ya 20, unahakiki jina na dozi ya kila mmoja, unapima sukari kwenye ncha ya kidole kabla ya kifungua kinywa, unasaga vidonge vya asiyeweza kumeza na kuvichanganya na rojo ya tufaha, huku ukikumbuka kwamba vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole havisagwi kamwe. Yupo mzee atakayekataa dawa kutoka mkononi mwako kwa sababu ya rangi au lafudhi yako. Unaandika kwamba amekataa, unampa RN taarifa, na baada ya muda unajaribu tena. Malipo si haba: kwa takwimu za serikali za mwaka 2023, mshahara wa kati wa ngazi hii nchini kote ulikuwa dola 59,730 kwa mwaka kabla ya kodi, wakati RN alipata 86,070. Pengo hilo ndilo linalowarudisha wengi darasani kutafuta RN kupitia kozi za kujiendeleza, na vyuo vingi hukubali masomo ya LVN kama sehemu ya safari hiyo.

Wanaosubiri majibu ya bahati nasibu ya viza wameniuliza waanze na nini wakiwa bado nyumbani. Waanze na majina. Jina la kwanza na la mwisho kwenye kibali cha NCLEX lazima yafanane na ya kitambulisho utakachoonyesha mlangoni, vinginevyo unarudishwa na ada yako imekwenda. Kwetu ni kawaida pasipoti kusema Mohamed na cheti cha kidato cha nne kusema Mohammed, au jina la babu kuwa la mwisho kwenye karatasi moja na kukosekana kwenye nyingine. Hayo yarekebishwe huko huko, kwa kiapo mbele ya wakili na kwa ofisi zilizotoa vyeti, kabla ya kupanda ndege.