Umepasuliwa goti (ACL)? Usijikaze na maumivu

Napata sana meseji za watu waliopasuliwa goti au wanaosubiri kupasuliwa baada ya kukatika ACL, yaani ile kano ya katikati ya goti, wengi wacheza mpira wa mchangani kama mimi, na swali ni lilelile, hivi inauma kiasi gani? Inauma jamani, siku za mwanzo inauma haswa, ila yanadhibitika. Shida ni kwamba huku kwetu mgonjwa anasifiwa kwa kuvumilia, jikaze wewe mwanaume, wakati goti la ACL halina faida yoyote na kujikaza. Dawa ya maumivu sio anasa, unaimeza ili uweze kulinyoosha na kulikunja lile goti mapema, maana ukiogopa kulisogeza kwa sababu linauma linakakamaa, na goti lililokakamaa likishazoea kulirudisha ni kazi kwelikweli.

Kwanza ujue umefanyiwa nini. Ile kano ya katikati ya goti ikishakatika mara nyingi haishonwi, daktari anachukua kano nyingine mwilini mwako mwenyewe, nyuma ya paja au pale chini ya pia ya goti, anaipitisha ndani ya mifupa. Kwahiyo kama hiyo kano ilitolewa nyuma ya paja, usishangae paja likauma kuliko hata goti.

Usiku wa kwanza ndo mtihani. Ukitoka thieta mguu bado una ganzi, unapiga stori na ndugu, unaona mbona freshi tu, hata kidonge unakikataa. Ganzi ya mguu inaweza kukaa masaa 12 mpaka 24 hivi halafu inaisha, na mara nyingi inakukuta usiku wa manane. Mimi ilianzia vidoleni, vinachomachoma kama vimevamiwa na siafu, halafu joto likapanda taratibu mpaka gotini, na nilishukuru kwamba nesi alishanimezesha dawa mapema bila kunisubiri nilie. Muulize kabisa nesi ganzi itaisha saa ngapi, meza kabla, na ukirudi nyumbani tegesha alamu kwenye simu umeze kwa saa kama ulivyoandikiwa, usisubiri mpaka jasho likutoke.

Kuhusu vidonge vyenyewe fuata cheti chako, ila haya uyajue. Parasetamo ya miligramu 500 mtu mzima hazidishi vidonge 8 kwa masaa 24, na dawa nyingi za mafua na baadhi ya diklofenaki za mchanganyiko zina parasetamo humohumo ndani, kwahiyo soma boksi. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu moja, usizimeze pamoja, na kama una vidonda vya tumbo, figo au presha mwambie daktari kabla hujaandikiwa. Tramado inasaidia ila inaleta kizunguzungu, kichefuchefu na choo kigumu, hapo papai, mboga za majani na maji ya kutosha ndo vinakuokoa.

Barafu ni nusu ya tiba. Huna friji au umeme umekatika? Nunua zile barafu za vifuko dukani, zigonge zivunjike, zifunge kwenye kanga, weka gotini dakika 15 mpaka 20, toa, rudia baada ya masaa mawili hivi, na plasta isilowe. Mguu uinue juu kuliko kifua. Ila mto usiuweke chini ya goti, hata kama ndo panaponoga, weka chini ya kisigino ili goti lining'inie na kunyooka lenyewe. Hili la mto nalisisitiza kuliko yote, goti lisiponyooka vizuri wiki za mwanzo utakuja kuchechemea.

Sasa ndugu. Mama yangu alishachemsha maji na kitaulo tayari kunikanda, mapenzi tu ya mzazi, ikabidi nimwambie kwa upole mama hapana, joto linaongeza uvimbe kwenye goti bichi, na kukanda shavu la mguu siku hizo ni hatari maana baada ya upasuaji damu inaweza kuganda kwenye mishipa na bonge likaenda mpaka kwenye mapafu. Ukiona shavu la mguu limevimba linauma, kifua kinabana au pumzi inakata, au homa na usaha kwenye kidonda, usimeze kidonge ukalala, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na choo! Hakuna anayekuambia habari ya choo. Kama cha kwenu ni cha kuchuchumaa, kabla hujalazwa tafuta kiti cha plastiki imara kitobolewe katikati, maana kuchuchumaa hutaweza kwa muda mrefu. Kuswali utaswali umekaa kwenye kiti. Ngazi ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza magongo na mguu mgonjwa.

Mazoezi meza kidonge kama nusu saa kabla. Kukaza paja huku goti limenyooka, kuburuta kisigino kuja kwako, yanaonekana ya kitoto ila paja linasinyaa haraka ajabu. Uchungu wa kuvutika unaoisha ukipumzika ni wa kawaida, ila goti likivimba zaidi kesho yake umezidisha, punguza, mwambie fizio, yule mtaalamu anayekusimamia mazoezi.

Halafu kuna kitu kinawaponza vijana. Mwezi wa pili wa tatu maumivu yameisha, unatembea vizuri, washkaji wanakuita uwanjani, kumbe ndo kipindi ile kano mpya iko dhaifu, mwili bado unaijengea mishipa ya damu. Kutouma sio kupona. Virgil van Dijk, beki wa Liverpool, aliumia kano hiyohiyo Oktoba 2020, akarudi uwanjani kwenye mechi za maandalizi mwishoni mwa Julai 2021, miezi 9 na zaidi kidogo, na yule ana madaktari kila asubuhi. Wewe unayefanya mazoezi sebuleni unakimbilia wapi mwezi wa nne? Subiri angalau hiyo miezi 9, halafu fizio akupime kuruka kwa mguu mmoja mmoja, uliopasuliwa ufike walau asilimia 90 ya mwenzake, hapo ndo mwambie kocha akuweke benchi, aanze kukupa dakika chache.