Nilijifungia Nje ya Seva Yangu Mwenyewe

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Anataka kuongeza kipengele kwenye programu yake ya kuingia kwenye kompyuta za mbali, na wenye matoleo ya zamani, anasema, "watasasisha tu". Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo hayo niliwahi kumjibu mwenzangu aliyekuwa akinionya.

Nami nilikuwa na programu ya namna hiyo, na nilitaka mtumiaji akikatikiwa na mtandao aendelee na kikao pale kilipoishia. Wazo zuri, na hadi leo najivunia. Seva, yaani kompyuta ya mbali inayopokea wanaoingia, ilihitaji kutuma baiti nne (vipande vidogo vya data) za namba ya kikao, nami nikazichomeka katikati ya salamu ya kwanza, ule ujumbe ambao pande mbili huanza nao. Majaribio yalipita yote, maana pande zote mbili zilikuwa toleo langu jipya. Nikaiwasha upya seva usiku, nikalala usingizi wa mshindi.

Kulipokucha, programu za zamani zilisoma namba ile zikidhani ni urefu wa orodha inayofuata, zikabaki zinasubiri baiti ambazo hazikuja kamwe. Hakuna ujumbe wa kosa, kioo cheusi tu. Nilipotaka kuingia nirekebishe, kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa na toleo la zamani!

Na ufumbuzi ulikuwepo miaka mingi. Telnet ya mwaka 1983, utaratibu wa zamani wa kuingia kwenye kompyuta za mbali, inauliza kwanza: upande mmoja unajitolea, wa pili unakubali au unakataa, na kazi inaendelea. SSH ya pili, yaani toleo la pili la utaratibu wa siku hizi wa kuingia kwa usalama, hutuma orodha za majina ya algorithimu (mbinu za kuficha data na kadhalika). Huchaguliwa jina la kwanza kwenye orodha ya mteja, yaani programu inayoingia, ambalo seva nayo inalijua. Jipya unaliongeza kwenye orodha, ukiliongezea alama ya @ na jina la kikoa chako (kama la tovuti yako) lisigongane na la mwingine. Ujumbe ambao namba ya aina yake haijulikani hujibiwa kwa ujumbe namba 3, yaani "hiyo sina". Basi uliza kwanza, ndugu yangu. Usiguse mpangilio ambao wengine wanausoma. Uliza kwanza!

Kuondoa nako kuna adabu yake. OpenSSH, programu maarufu ya SSH, ilikuwa na SSH ya pili tangu 2000, lakini msimbo wa ile ya kwanza ilimaliza kuufuta 2017.

Mwenzangu hakuniambia "nilikwambia". Alinitumia tu faili la toleo la zamani kabisa, alilokuwa amelihifadhi, nilijaribie. Je, la kwako liko wapi?