Kabla Hujajaza Fomu ya Lugha

Mdogo wangu amepata nafasi ya shahada ya pamoja, biashara na lugha ya kigeni. Achague Kiarabu, Kifaransa au Kichina. Hakufikiri hata dakika: "Kiarabu, kaka. Si nimesoma chuoni, madrasa, miaka yote hiyo?"

Nilimwomba asubiri. Hivyo ndivyo nilivyochagua mimi.

Watoto wengi wa Mombasa tunasoma Msahafu kabla hatujaweza kuandika insha, na nilipoingia chuo kikuu nilikuwa nimeshaukhitimu wote. Wiki za mwanzo, wenzangu wakihangaika na alifu na bee, mimi nilisoma mbio. Kisha mwalimu akatugawia ukurasa wa gazeti. Hauna alama ya irabu fupi hata moja! Herufi kaf, te na be zikifuatana hivyo zaweza kuwa kataba (aliandika), kutiba (kiliandikwa) au kutub (vitabu). Msahafu umeniwekea irabu zote. Gazeti linataka nijue sarufi kwanza ndipo nisome. Nikagundua kwamba miaka yote nilikuwa natamka tu.

Kiswahili nacho kilinipoteza. Niliandika rakhis nikikusudia mtihani mwepesi, kumbe kwao ni kitu cha bei nafuu.

Lakini kilichoniangusha hasa ni ule upande wa pili wa shahada. Uhasibu niliweza kuuacha wiki mbili, nikakesha, nikaufikia. Lugha haikeshewi. Kila hesabu zilipobana niliahirisha Kiarabu, na mtihani wa kusikiliza wa mwaka wa pili nikaanguka. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kiyemeni mwenye duka mtaani kwetu. Kila baada ya Magharibi nilikaa naye tukizungumza. Lahaja yake si fus-ha, Kiarabu sanifu cha darasani, ila sikio lilifunguka.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu aombe kukaa katika darasa la mwaka wa pili, si la wanaoanza, kwa sababu huko ndiko ugumu wa lugha unakoonekana. Aulize vipindi ni vingapi kwa wiki, avipange na vya biashara. Kisha ajiulize atazungumza na nani kila wiki. Kwa mtu wa biashara hapa, mimi nakiona Kifaransa kina uzito kuliko tunavyokipa: mizigo ya Kongo, wanakotumia Kifaransa, hupitia bandari yetu, na nchi hiyo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Alliance Française, kituo cha kufundisha Kifaransa, pia ipo mjini. Kichina kimevuta vijana tangu reli ya SGR, iliyojengwa na Wachina, ilipoanza mwaka 2017. Vitenzi vyake havinyambuliki kama vyetu, kweli, ila kuna toni nne na maelfu ya herufi za kukariri, kazi ya kila siku bila likizo.

Jumatatu alikaa nyuma ya darasa la Kifaransa, Jumatano la Kiarabu. Jana usiku alinipigia kuuliza yule mzee wa duka bado yupo. Yupo. Kesho nitampeleka akamsalimie, kwani fomu inarudishwa Ijumaa.