Fundi kaniwekea VPN ya bure, eti sasa sionekani

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Niko Chake Chake. Mtandao wa X, Twitter ya zamani, ulipoacha kufunguka Mei 2025, kijana mmoja wa simu pale sokoni aliniwekea VPN ya bure, programu ya kupitisha intaneti njia ya pembeni, kwa shilingi 3,000, akanambia sasa hakuna anayekuona. Kweli inafungua, lakini bando linakwisha upesi na simu inapata moto. Mume wangu ana wasiwasi kwa sababu simu hiyo hiyo ndiyo ninayopokelea pesa za wateja wa mikoba ya ukili. Je, niitoe? Na mbona makampuni makubwa ya Marekani yanafungiwa yakanyamaza, hayatutetei?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Itoe leo. Namba ya siri ya pesa nayo utaibadilisha, lakini kwa mpango nitakaokueleza mwishoni. Moto na bando visikushughulishe sana. Kinachonitia hasira mimi ni hilo neno "hakuna anayekuona", nalisikia kila siku.

Watu wengi wanadhani huko juu yuko mtu wa Serikali mwenye swichi. Hayuko. Anayekufungia ni kampuni ile ile inayokuuzia bando. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ndiyo inayoipa leseni. Amri ikija, injinia wa kampuni anaandika jina la mtandao kwenye mtambo, basi. Na mtambo wenyewe umenunuliwa kwa kampuni nyengine. Belarus ilipozima mitandao wakati wa uchaguzi wa Agosti 2020, vifaa vya kuchuja vilikuwa vya Sandvine, kampuni ya Amerika ya Kaskazini.

Wewe ni mtu wa Pemba, nikupe mfano wa karafuu. Simu yako ikifungua ukurasa, yaliyomo yamefungwa kama gunia lililoshonwa, lakini jina la ukurasa unaokwenda linaonekana mara nyingi, kama alama ya rangi iliyopigwa nje ya gunia. Mkaguzi wa bandarini hana haja ya kulipasua. Anasoma alama, analiweka kando. VPN inalitia gunia lako ndani ya gunia la nahodha, mkaguzi akaona alama ya nahodha tu. Sawa. Lakini nahodha anajua kila gunia linakwenda wapi, na nahodha huyu humjui jina wala bandari anayotoka, tena hakutozi nauli. Sasa chombo chake kinakwenda kwa pesa za nani?

Onavo Protect ilikuwa VPN ya bure, mwenyewe Facebook. Ilijitangaza kuwa inalinda watu, kumbe inampelekea mwenyewe habari za programu gani watu wanazitumia na kwa muda gani. Mwaka 2023 mahakama ya Australia ilizitoza kampuni zake faini ya dola milioni 20 za huko. Hola nayo, VPN nyengine ya bure, ilibainika mwaka 2015, ilikuwa ikiuza njia ya intaneti ya watumiaji wake kwa wateja wengine. Huenda bando lako linaliwa hivyo hivyo. Watafiti wa CSIRO, taasisi ya sayansi ya serikali ya Australia, walizichunguza VPN 283 za Android mwaka 2016: asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikuficha chochote. Gunia wazi, alama juu.

Juzi nilikaa kwenye kibanda kimoja Darajani nikisubiri kioo cha simu ya mke wangu. Kijana akaletewa simu ya mama mmoja, akamtumia faili kwa WhatsApp, halikutoka hata kwenye duka la Google. Simu ikauliza: isome meseji zako? Ruhusu. Ione majina yako? Ruhusu. Kidole gumba hakikusimama. Namba za uthibitisho za akaunti zake zote zinaingia kwenye meseji hizo hizo! Nikamuuliza, hii kaitengeneza nani? "Wazungu hao, mzee." Akapokea 3,000 yake, akaita mwengine.

Sasa hao Wazungu unaowategemea wakutetee. Mwandishi wa China, Shi Tao, alihukumiwa miaka 10 jela mwaka 2005 kwa barua pepe moja aliyoituma nje, na taarifa za akaunti yake zilitolewa na Yahoo, kampuni ya Marekani iliyokuwa na barua pepe yake. Mkuu wa Yahoo, Jerry Yang, alikuja kumwomba radhi mama yake mwaka 2007, kijana yumo ndani. Misri ilipozima simu Januari 2011, Vodafone ilizima, ikasema sheria ya nchi inailazimisha. Apple iliziondoa VPN kwenye duka lake la China Julai 2017, pia ikasema ni sheria. Na kwetu, kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2020, Twitter ilitangaza kwamba inaona inazuiwa Tanzania. Ilisema tu. Kampuni inalinda soko lake, na mimi na wewe hatumo katika mkataba.

Mafundi wenzangu mniwie radhi, lakini uchaguzi ukikaribia mnageuka waganga wa hirizi. Laini ya mteja imesajiliwa kwa alama za vidole, kampuni yake mara nyingi inaona kwamba ameunganishwa na VPN hata kama haioni anachosoma, na Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kuwataka wanaotumia VPN wajitambulishe. Hayo mnamwambia mteja? Mnamwambia haonekani. Huyo mama wa Darajani alitoka pale akaenda zake kufungua akaunti ya benki ndani ya simu hiyo hiyo.

Kwa hiyo dada yangu, tazama yako ilikujaje. Kama ilitoka kwenye duka la Google, kuitoa na kubadilisha namba ya siri kunatosha. Kama lilikuwa faili la WhatsApp, hakutoshi: hifadhi picha zako pahala pengine, ifute simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, halafu ndiyo uibadilishe hiyo namba ya siri, kwa sababu ukiibadilisha kabla, aliyemo ndani anaweza kuiona na hiyo mpya. Na shilingi 3,000 zako kazidai.