Shangazi, nilimwonea aibu mama sokoni

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mi ni msichana wa miaka 16, nipo kidato cha tatu hapa Arusha, tunaishi Sakina. Wazazi wangu ni Wakongo wa Bukavu, tulikuja huku nikiwa na miaka minne kwa hiyo kule sikumbuki kitu zaidi ya ziwa. Shida yangu ni kwamba nyumbani naonekana Mtanzania, shuleni naonekana Mkongo. Nikiongea kama wenzangu baba ananiambia nimeshasahau kwetu, na tukipiga vidiokoli Bukavu bibi, tunamwita koko, anaita majirani waje wasikie mjukuu wake anavyoongea kama mtu wa redio. Shuleni nako nikiteleza kidogo tu nikasema "niko naenda", darasa zima linaanza Mkongo huyo, Mkongo huyo. Sasa Jumamosi ya juzi nilienda na mama soko la Kilombero, akamwambia muuza mboga "niko natafuta sombe", yule dada akabaki anamshangaa, na pembeni walikuwepo wasichana wawili wa shuleni kwetu, basi nikasema haraka haraka "anataka kisamvu, msamehe hajui Kiswahili". Mama hakujibu. Akalipa, tukapanda kifodi, hakuongea mpaka tunashuka. Toka siku hiyo sokoni ananituma peke yangu. Shangazi, mi ni wa wapi? Na mama nimfanyeje?

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika pale kwenye kisamvu nasimama, kwa hiyo tuanzie hapo, hilo la uko wa wapi linaweza kusubiri kidogo ila mama yako anaumia leo.

Mama yako Kiswahili anakijua. Kongo wana lugha za taifa nne, Kilingala, Kikongo, Tshiluba na Kiswahili, na hicho Kiswahili hakikuanguka toka mbinguni, kilienda na misafara ya karne ya 19, ile ya pembe na watumwa, watu wanatembea kwa miguu toka pwani, Tabora, Ujiji, wanavuka Ziwa Tanganyika wanaingia ndani kabisa. Kimetoka pwani ile ile kilikotoka cha mwalimu wako, kimepita tu njia nyingine, kikakaa na Kimashi, lugha ya wenyeji wa Bukavu, na Kifaransa miaka mingi. Wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu ambao koko anawaita sambaza, walichukuliwa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa kule. Kigoma ni dagaa, Bukavu ni sambaza, na hakuna anayemwambia samaki hajui kuogelea.

Nakwambia haya nikiwa na jambo langu linaloniuma. Mama yangu alikuwa Mrombo. Siku moja, mi nina miaka 14, tuko standi ya Moshi, nimevaa sare, yeye ana mkungu wa ndizi kichwani anaongea Kirombo kwa sauti na jirani yake, nikawaona wanafunzi wenzangu wanakuja, nikasogea mbali nikajifanya simjui. Aliniona. Hakusema kitu, kama mama yako, na mi sikusema, miaka ikaenda tu, sasa hivi ni marehemu. Wewe mama yako yupo hapo jikoni. Usingoje akuulize, nenda leo, mwambie nilisema hujui Kiswahili na nilikosea, nilikuonea aibu mbele za watu. Useme hivo hivo, usizunguke. Anaweza akalia au akakwambia yameisha endelea kuosha vyombo, yote sawa.

Kuhusu wa wapi, hao wanaokucheka nao nyumbani kwao kuna bibi wa Kimeru, wa Kimasai, wa Kipare, na wakishuka Dar wanachekwa lafudhi yao ya Chuga, yaani ya hapa Arusha. Wewe ni msichana wa Sakina, na ni mtoto wa Bukavu, huhitaji kuacha kimoja ili ukae kwenye kingine. Baba naye, kwa heshima zote, akisema umesahau kwetu mwombe akuhadithie, maana mtoto wa miaka minne hawezi kusahau kitu ambacho hakuwahi kukijua. Na makaratasi yenu muulize mapema, usisubiri ufike 18, sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ni vizuri ujue umesimama wapi.

Alafu Jumamosi usikubali kwenda peke yako, mwambie twende wote. Kikapu beba wewe. Mwache aagize mwenyewe kwa maneno yake, na muuzaji akiuliza sombe ndo nini, mjibu wewe, kwa sauti, hata kama shule nzima ipo Kilombero siku hiyo.